Jiko la Tatu

Nizwa, Jumapili, saa kumi na nusu alfajiri.
Kanisa liko Ghala, Maskati, mwendo wa saa mbili,
na siku yangu ya mapumziko haijaandikwa popote.
Basi shada langu la Majilio ni jiko la gesi:
moto mmoja wiki ya kwanza,
miwili ya pili.
Leo ni mitatu, na jiko la tatu limeziba.

Nalichokoa kwa pini ya nywele.
Linakohoa, linazimika.

Bi Thuwaiba ametoka kutawadha, mikono ingali majimaji.
Kiswahili chake ni cha Wete, hakikuzeeka naye:
"Mghoi, wapika hewa?"
"Nangoja, bibi."
"Wangoja nani saa hizi?"

Ningemwambia Emanueli.
Ningemwambia pia karatasi ya ruhusa,
mwezi wa saba huu mwanawe anasema kesho,
na mwanangu kule Wundanyi amejua kuandika jina langu
nami sijaliona.
Kungoja kwangu kumechanganyika,
mchele na chuya; sijui nichague vipi.

Nikasema, "Nangoja moto ushike."

Akavuta stuli, akaketi.
Hakuuliza tena.

Zamani nilidhani imani ni ule mwanga wenyewe.
Asubuhi hii ilikuwa kidole juu ya swichi,
harufu ya gesi,
njiti ya nne, ya tano,

na mtu wa kibla kingine akisema,
"Jaribu tena, mwanangu.
Adhana bado."