Kilo Moja na Robo

Daktari alinichora kwa kalamu ya zambarau
kama ninavyochora kitenge kwa chaki:
hapa mkasi, hapa pindo, chuchu ipande vidole vinne.
Nikamwambia, acha nafasi ya mshono. Akacheka.

Miaka ishirini nilipanda Kadutu nimeinama,
mikanda ya sidiria ikinichimba mifereji mabegani,
sokoni wanaume wakikisalimu kifua kabla yangu.
Shangazi Nsimire: "Unakataaje baraka?"
Ina uzito, shangazi. Waliipima:
kilo moja na robo, ziwa la kushoto zaidi.

Mshono bado unawasha. Chuchu moja ina ganzi,
sijui kama itaamka.

Leo nimejipima kwa utepe, bila kujiibia sentimita.
Nikapanda. Katikati ya ngazi,
ambazo siku zote nilikuwa nazihesabu,
nikainua uso:
Kivu,
ziwa zima.