Chumvi Isiyoliwa

Salala, katikati ya Julai. Mvua haianguki, haiondoki,
imening'inia hewani kama shuka lililosahauliwa kambani.
Kharifu, wasema wenyeji. Milima imeota nyasi,
na watu wa Maskati wamejaa barabarani kuupiga picha ukungu.
Mimi nahesabu chupa.

Rafu ya tatu, karibu na dirisha lisilofunga sawasawa:
kobalti kloridi, gramu mia, kavu.
Lebo ni mwandiko wangu. Mwezi wa Mei
niliiacha buluu, buluu ya wino wa shule.
Leo inanitazama kwa rangi ya ufizi wa mtoto.

Kuna aliyefungua, akafunga nusunusu.

Nikamwuliza Muhanna. "Sijaigusa, Bi Zamzam,"
macho yake kwenye viatu.
Sisi watu tukisimulia hutia chumvi.
Chumvi yenyewe haitii kitu:
imekaribisha maji, inasema imekaribisha maji,
sita kwa kila kobalti moja, wageni wa kuhesabika,
na uso wake umebadilika mbele ya kila mtu.

Sikugomba. Nilivaa glavu na miwani, naye akavaa,
tukasimama mbele ya kabati la kuvuta hewa.
"Hii," nikamwambia, "hupima unyevu bila saa wala mshale.
Karatasi iliyochovywa humu ikakaushwa
hukwambia kama tone ni maji
au ni kitu kingine kilichoazima sura ya maji.
Ila usiionje. Vumbi lake usilivute,
mapafu hayana mlango wa nyuma.
Ngozi ikishaichukia, haisahau.
Na sinki si shimo la kusahaulia:
bomba lina mwisho, na mwisho wake una samaki."

Kwa samaki akacheka kidogo.
Nikawasha jiko la umeme, moto wa chini.
Maji yakaanza kuaga, mvuke ukitambaa kiooni,
na ukingoni mwa bakuli buluu ikarudi,
kwanza kama mshono, kisha kama nguo nzima.

Saa saba mama akapiga simu. Mnapika nini huko?
Chumvi, mama. Basi niwekee.
Amekula chumvi nyingi mama yangu, miaka themanini na mbili,
ya Wete na ya Matrah.
Hii hapana.

Jioni, wote wameshaondoka, nikakuta mezani
kipande cha karatasi ya kuchujia, kitupu,
na juu yake jiwe la mizani.
Mtu hakandamizi kitu kitupu.
Nikakisogeza penye joto.
Herufi zikachomoza, buluu, mojamoja,
kwa Kiswahili cha nyumbani kwa bibi yake, wengine wasisome:
Ni mimi. Niliogopa.

Nikasoma mara mbili. Kisha dirisha lile
likapumua ukungu ndani, na maneno
yakapauka, yakazama, ikabaki karatasi.

Sikukitia mfukoni. Hata toba,
ikiandikwa kwa wino huu, ina sumu yake.
Nikakishika kwa koleo, nikakitia
katika chupa ya taka yenye jina na tarehe,
nikakaza kifuniko mpaka kikalia,
nikanawa mikono hadi viwikoni.

Kesho nitamfundisha Muhanna kufunga chupa.