Unga Ni Unga

Kifurushi kilishuka na basi la asubuhi,
kilo mbili, nailoni nyeusi, gundi pande zote,
na kondakta, mdomo usio na kizibo, akaitangazia stendi nzima:
"Mwenye unga wake kutoka Dar!"
Kufika Barabara ya Kumi na Nne, habari imenitangulia.

Mjumbe Mngumi alikuja baada ya laasiri,
kofia mkononi, macho kwenye mtungi wa upepo.
"Kijana, nasikia una unga.
Nasikia na bunduki unayo."
Nikamfungulia. Akachovya kidole, akanusa,
akakitazama kidole chake cha buluu
kama mtu aliyepiga kura akasahau kamchagua nani.

Ni rangi, mzee. Haina maji, haina thina.
Chuma unakining'iniza, unakibana waya wa ardhi,
bunduki inautia unga umeme,
na unga wenyewe, bila kusukumwa,
unakikimbilia chuma, unakizunguka hadi mgongoni,
kama watoto wa chuoni waliosikia kuna halua.
Hapo bado ni vumbi. Ukipiga chafya umeupoteza.
Kinachobaki ni moto.

Moto alikuwa nao mama.
Oveni ya umeme, mguu mmoja umetegwa kwa kigae;
keki za harusi za nusu ya Ngamiani zilitoka humo,
na ada zangu za shule, boflo kwa boflo.
Nikamwambia kweli yote, maana hii haina nusu:
tukishaoka rangi humu, mkate basi tena.
Hata tusugue kwa majivu. Hata tusome dua.
Bi Mwantumu aliendelea kuchambua mchele.

Siku tatu.

Ya nne alioka trei moja ya boflo,
akawagawia majirani, hakuuza hata moja,
kisha akachukua chaki, akaandika mlangoni pa oveni:
HAPANA CHAKULA HUMU.
"Unga ni unga," akasema. "Lete hicho chuma chako."

Kilikuwa cha Shemdoe wa bodaboda:
rimu mbili na mkono wa gurudumu la nyuma,
umetafunwa na upepo wa chumvi wa Raskazone.
Msasa wa themanini, kisha wa mia na ishirini,
siku mbili, kucha zangu zikaisha,
mpaka chuma kikawa uchi, kijivu, kinaona haya.

Nyuzi mia mbili. Dakika ishirini.
Ya saba, unga ulianza kutoka jasho,
ukalainika, ukashikana, ukawa ngozi.
Ya kumi na moja, luku ikakata.

Sikuwa na hata mia. Mama akafungua pindo la kanga.
Nikakimbia kwa wakala, nikarudi nimeshika karatasi,
tarakimu ishirini, nikakosea ya kumi na tisa, nikaanza upya.
Kumbe oveni ameivika blanketi mbili, moja lile la wageni,
naye amekaa kigodani mbele yake
kama mkunga asiyetaka kuulizwa maswali.

Umeme ukarudi. Kipimajoto changu hakikurudi.
"Dakika sita," akasema.
"Umejuaje?"
"Kila unga una harufu ya kuiva.
Na una nyingine, ya karibu kuiva. Hiyo ndiyo huwaponza wengi."

Shemdoe aliligeuza gurudumu juani,
akajiona, akatengeneza kola.
Alilipa nusu. Nusu nyingine ni ahadi ya Ijumaa,
na Ijumaa hakuitaja ni ipi.

Hakuangalia chini ya ule mkono, kwa ndani,
ambako kuna alama ya kidole gumba, ndogo, imeiva na rangi.
Changu hakikufika huko; changu kina kovu la msasa.
Ni cha mtu aliyepita mle chumbani, moto haujawashwa,
mimi nimekwenda kunawa,
akabonyeza kidogo tu, kwa mazoea,
aone kama umeumuka.