Njia Isiyokuwemo Kwenye Ramani

Kabla ya mtu hata mmoja kulala Aldermead
kulikuwa na meza, na juu ya meza karatasi,
na juu ya karatasi penseli ya Bwana Lionel Frayne,
mchora miji, mwenye tai ya sufi na pafu moja zima.
Aliukata mji kama mtu akataye keki
ya harusi ambayo hakualikwa:
hapa viwanda, upepo upeleke moshi kwingine;
hapa shule, mtoto asivuke barabara ya magari;
hapa kanisa, hapa baa, visitazamane;
na vipilefti kumi na saba,
gari lizunguke wee, lisigombane na jingine.

Chini ya karatasi kulikuwa na shamba la Garrod.
Penseli haina uzito. Ilipita juu ya zizi
na ng'ombe hawakuinua vichwa.
Barua ya serikali ilifika Jumanne, mvua ikinyesha.
Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni,
akaenda kukamua.
Kilichosalia cha Garrod leo ni jina la kituo cha basi.

Mama alikuja mwaka hamsini na mbili, mimi tumboni,
kutoka London, chumba kimoja, choo cha familia sita,
dirisha likitazama shimo la bomu lililokwisha kuota magugu.
Mtu wa Shirika la Mji akampa ufunguo.
Akafungua bomba la jikoni. Maji ya moto.
Akalifunga. Akalifungua tena.
Baba alimkuta amesimama palepale, mvuke usoni.
"Doreen, bili," akasema. Hakusikia.

Lakini matope! Hakuna aliyewaambia habari ya matope.
Nyumba zilitangulia, barabara zikafuata zikijikokota.
Wanawake walikwenda kituoni na mabuti ya mpira,
wakayaficha kwenye ua wa miiba, wakavaa visigino,
na jioni kila mmoja akapapasa gizani:
"Haya mabuti ya nani?"
"Yangu, Queenie, wewe una miguu ya bata!"
Hapo ndipo Mama alipopata marafiki,
si kwenye Ukumbi wa Jamii uliojengwa kwa kazi hiyo.

Sitadanganya. Alasiri zilikuwa ndefu.
Daktari alikuwa na jina la ugonjwa ule, na vidonge vyake.
Mama aliketi dirishani akitazama nyasi safi
zisizo na mtu wa kugombana naye.
Milango yote ya mtaa ilipakwa kijivu, kwa kanuni;
mbwa wetu alilala kwa akina Pargeter wiki nzima,
hakuona tofauti, wala wao.
Usiku mmoja Mama akaupaka wetu rangi ya haradali.
Barua ikaja. Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni.
Kufikia Pasaka mlango wa Queenie ulikuwa mwekundu.

Sasa, ile njia.
Frayne aliichora iende madukani
ikiwa imenyooka, kisha ipinde kwa pembe mraba
penye sanamu ya zege, mama na mtoto, wote hawana macho.
Watu wakakata kona.
Mwanzo nyasi zililala tu, kisha zikakonda,
kisha udongo ukachungulia kama goti kwenye suruali ya shule.
Shirika likaweka bango. Bango likawa mlingoti wa goli.
Likaweka uzio. Uzio ukaota pengo,
upana wake sawasawa na kigari cha mtoto.
Likapanda mawaridi. Bi Pargeter akayang'oa usiku;
mpaka leo yanachanua kwake, na hana haya.

Frayne alirudi mara moja tu, mwaka sabini na moja,
bakora mkononi, kifua kikipiga filimbi.
Nilimwona bila kumjua, nina mkate kwapani.
Alisimama kwenye pembe yake,
akatazama kule, akatazama huku.
Wingu la mvua lilikuwa limeshafika viwandani.
Akakata kona.

Siku hizi imetiwa lami, ina taa, ina namba.
Vijana hawaipiti.
Nyuma ya gereji, asubuhi hii, nikimtembeza mbwa,
nimeona nyasi zimeanza kulala upande mmoja.