Jozi Moja

Tulizinunua sokoni Mutindwa, shilingi hamsini,
zimebanwa kwenye kadi ngumu
iliyoandikwa DHAHABU SAFI na mtu asiyejali:
jozi moja, wasichana wawili.
Kerubo akasema, basi kila mtu moja,
juu ya sikio, kwenye gegedu,
pale ambapo mama zetu hawakufika.

Ilikuwa Jumamosi, stima imepotea,
na juu ya paa la ghorofa yetu, Umoja,
matangi meusi yalikuwa yakijichemkia maji.
Mashuka ya watu yalitufunika pande tatu.
Upande wa nne tuliwaachia kunguru.

Dawa ya ganzi hatukuwa nayo. Tulikuwa na barafu
ya shilingi kumi kutoka kwa Mama Ogola,
ile nyekundu, ya mfuko mrefu mwembamba.
Kerubo akaikandamiza hadi akasema
sikio si langu tena,
na sharubati ikamtiririkia shingoni
kabla sijamgusa,
hata nikadhani nimeshamaliza.

Sindano ilikuwa ya mama, ya kushonea vifungo.
Niliipitisha kwenye moto wa kiberiti mara tatu
kwa sababu mara tatu ilionekana kama kitu
ambacho daktari angefanya.
Mimi ndiye niliyechaguliwa. Mwalimu wa hesabu
aliwahi kuinua daftari langu mbele ya darasa:
tazameni mkono usiotetemeka.
Kumbe mstari haupumui.
Kumbe duara halikushiki goti.

Hakuna aliyetuambia kwamba gegedu lina sauti.
Ka! Kama mtu anayetafuna karoti
kwenye chumba cha waliolala.
Hakulia. Aliniambia, "Hesabu."
"Nihesabu nini?"
"Chochote."
Nikahesabu vibanio vya nguo kwenye kamba,
vya bluu, kisha vya mbao vilivyopasuka,
na nilipofika thelathini na moja
hereni ilikuwa imekaa, upande kidogo,
inang'aa kama jicho la kuku.

"Sasa wewe," akasema,
akipangusa sindano kwenye sketi.

Nikasema barafu imeyeyuka.
Nikasema mama ananiita.
Mama alikuwa Kariobangi hadi jioni.
Nikasema kesho.

Jumanne sikio lilikuwa limevimba kama andazi.
Naibu wa mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya gwaride:
"Nani aliyekufanyia upuuzi huu?"
Nilikuwa safu ya tatu. Nikaangalia viatu vyangu.
Kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka,
naikumbuka hadi leo, ncha yake ilivyochakaa.
"Mimi mwenyewe, mwalimu. Kwa kioo."

Mama yake alilipa zahanati mia sita,
pesa aliyokuwa ameiweka ya gesi.
Wakapikia makaa wiki mbili kwenye ngazi.
Nilipokwenda kumwona hakuniuliza neno,
alinimiminia chai.
Chai ilinuka moshi. Niliinywa yote.

Usaha ulipokauka, hereni ikiwa bado kabatini kwa naibu,
Kerubo alichomeka njiti ya ufagio,
fupi, isionekane na mtu,
ili tundu lisije likasahau.
Kila asubuhi alivunja mpya.
Hakunikumbusha zamu yangu hata mara moja,
na afadhali angenikumbusha.

Desemba wakahamia Keroka.
Godoro lilikwenda juu ya lori, jiko likafuata,
halafu yeye, akikalia ndoo iliyopinduliwa.
Nilipunga mkono hadi lori likakunja kona
penye duka la simiti.

Yangu ingali kwenye mkebe wa vifungo.
Imegeuka kijani, dhahabu safi ile.
Juzi binti yangu aliifukua akauliza
ya pili iko wapi.
Nikamwambia, ya pili ilichukuliwa.
Na hii je, mbona hukuivaa?
Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka kumi na mitatu.
Akanisogelea, akashika sikio langu pale juu,
zima, laini,
akalikunja, akalikunjua,
kama mtu anayetafuta mlango.