Mjumbe Ndani ya Gazeti

Shagdar ameifunika ile taa kwa utepe mweusi.
"Imenikodolea macho miezi miwili," asema,
huku akipuliza vidole.
Nje, Ulaanbaatar yote imezama katika moshi wa makaa,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
na Toyota yake ya mitumba, usukani kulia kama kwao,
hutusalimu kwa Kijapani kila ufunguo ukigeuzwa.
Hatujui inasema nini. Tuguldur, mwanagenzi wangu, huitikia:
"Nawe pia, mama."

Nachomeka mashine chini ya usukani.
P, sifuri, moja, saba, moja.
Hewa nyingi, petroli haba.
Hayo tu. Haisemi wapi, haisemi kwa nini,
kama mtoto aliaye usiku, ukamwuliza panapouma
naye akazidi kulia.

"Sensa ya oksijeni nimeshabadilisha.
Yule wa sokoni aliniuzia mpya. Nusu ya mshahara."
Taa ikarudi siku ya tatu.
Nikamwambia: mjumbe hauawi.
Sensa ilileta habari ya njaa, mkaifukuza kazi,
mkaajiri nyingine, nayo ikaja na habari ileile.

Basi nikazima redio. Nikazima na feni ya gereji.
Nikainama juu ya injini inayonguruma,
sikio moja chini, kofia juu ya jingine,
hadi nikaupata mlio: sss,
mwembamba, wa mtu afyonzaye meno kwa siri.
Nikapuliza dawa pale nyuma, kiungioni,
na mngurumo ukayumba, ukakaza, ukayumba.

Mpira wa hewa, urefu wa kidole changu cha shahada.
Baridi imeukausha, umepasuka upande usioonekana.
Bei yake: bakuli la supu, na chenji inabaki.

Tuguldur akafuta namba. Akabandua utepe.
Gundi ilibaki, mraba mchafu.
Shagdar akageuza ufunguo, mama akasalimu,
taa zote zikawaka kwa pamoja
(zinajikagua, nikamwambia, tulia),
kisha moja moja zikazimika.
Ile ya njano ikawa ya mwisho.
Hakuamini. Akakaa akiitazama dakika nzima,
kama aliyezoea kuamshwa kwa matusi.

Kabla hajaondoka akafungua buti,
akanitolea sensa ya zamani, imeviringishwa gazetini.
"Ni nzima?"
Nzima kabisa.
Akairudisha ndani ya gazeti, taratibu,
akaiweka kiti cha mbele.