Depo, Saa Moja Kasoro Robo

Kabla mkurugenzi hajawaambia kwamba sisi ni familia,
wanapita kwangu.
Wapya wote hupita kwangu, dirisha la depo,
wavu wa chuma wenye tundu la kutosha mkono na buti,
na mimi ndani, na daftari langu la jalada jekundu
ambalo mvua ya mwaka juzi ililamba kona.

Leo ni saba. Nimewahesabu kwa miguu.
Wamepiga pasi, wananukia sabuni,
mmoja katoka Katuba na tai ya harusi shingoni.
Nani alimwambia? Hapa tunaunda matangi. Tai hapa
ni kamba inayosubiri mashine.
"Ivue, baba," namwambia, "ikunje, tia mfukoni,
utaivaa siku ya mshahara, ikifika."
Wanacheka. Hiyo "ikifika" nawapa bure,
haimo katika kijitabu cha ukaribisho.

Kijitabu kina kurasa kumi na mbili, Kifaransa kitupu,
na picha za watu wasiofanya kazi hapa,
wanatabasamu, kofia zao hazina hata mkwaruzo.
Mimi nawaambia yasiyoandikwa:
bomba la pili uani ndilo lenye maji.
Mlinzi Kapembwa msalimie kwanza, shida yako baadaye.
Fundi Nyembo akifoka amekupenda,
akinyamaza, kagua upya ulichounga.
Umeme ukikatika usikimbie, simama ulipo,
maana giza la karakana lina meno.
Bukari ya saa sita ni kwa mama wa nje ya lango.
Anakopesha wiki mbili. Hasahau.

Saizi? Arobaini na mbili. Saini hapa.
Saizi? Arobaini na nne. Hapa, si hapo.
Kofia za wapya si mpya. Nazisugua kwa majivu,
lakini jina la wino mweusi haliishi upesi:
ndani ya hii bado utasoma M, W, A,
kisha doa.
Mwenyewe yuko Likasi, anauza saruji, mzima kabisa.
Nalisema hilo haraka, kabla hawajaniuliza.

Wa saba ni msichana. Kyabu Mwewa, mchomeleaji.
Cheti kakishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.
Saizi?
Thelathini na nane.

Depo hii inaanzia arobaini.
Miaka kumi na sita inaanzia arobaini.
Nimeiandikia ofisi barua tatu,
mbili za heshima.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Haya. Jembe la kipimo gani?

Naingia nyuma, chini ya rafu ya glavu,
penye boksi nililolifunga kwa mpira wa baiskeli
mwaka ule waliponiambia, Tumba, subiri kidogo,
nafasi ya kuchomelea ikipatikana tutakuita.
Nilizinunua kwa hela yangu, soko la Kenya,
nikapatana hadi muuzaji akachoka.
Ngozi bado ngumu. Kamba zina fundo la dukani.
Na hili jicho, ni vumbi. Depo ina vumbi, kila mtu anajua.

Anavaa ameinama. Anasimama.
Anakanyaga sakafu mara moja, ngo,
kama anayebisha kwa mtu asiyemfahamu.
"Mama, niweke saini wapi?"
Daftari halina safu ya kitu cha namna hii.
Nachora mstari kwa mkono, umepinda kidogo:
buti, jozi moja, 38. Hali: mpya.

King'ora. Ng'ambo ya ua, ukumbini,
mkurugenzi anajaribu kipaza sauti,
moja, mbili, moja, mbili, karibuni,
na juu ya paa lake ule mlima mweusi wa taka za shaba
umekaa tu, umesikia hotuba nyingi.
Buti kumi na nne zinavuka kokoto.
Mbili kati yake naujua mwendo wake:
nilikuwa nikiusikia usiku, nimelala,
miaka ile ya subiri kidogo.